Krismasi Niliyokula kwa Chausiku

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize kabisa, ndipo niendelee. Nimekwisha kuchekwa na watu wa maana mimi. Padri alinicheka kwa upole, kaka yangu alinicheka kwa dharau, na mganga mmoja wa kwetu Usukumani, ambaye kazi yake ni mambo ya namna hii, aliguna tu akaniambia nikapumzike. Kwa hiyo huna kicheko kipya cha kuniletea. Mimi nilikuwepo. Nilikaa kwenye mkeka ule, nikashika upawa kwa mkono wangu huu wa kulia, na niliyoyaona niliyaona jua likiwa bado juu. Sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja, muulize mtu yeyote wa Tinde.

Nilikuwa nauza chai na chapati hapo Tinde, kando ya barabara, malori yanaposimama. Ilikuwa miaka ya tisini, simu za mkononi bado hatuzijui. Mume wangu alikwisha kufariki, akaniachia watoto wawili: Masanja, na mdogo wake wa kike, Kabula. Masanja alipoanza kuota ndevu akazisikia habari za dhahabu ya Geita, kama vijana wote walivyozisikia. Akaniambia, "Mayu, nakwenda kujaribu. Krismasi nitakuwa nyumbani." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Akaondoka na shuka moja na sururu ya marehemu baba yake. Krismasi ikafika, yeye hakufika. Hata mtu wa kuniambia amemwona mahali fulani hakupatikana.

Hapa lazima nikueleze desturi ya nyumbani kwetu, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Siku za kawaida sisi ni watu wa ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyoanikwa. Asubuhi ni michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikakaushwa, tunavichemsha na karanga. Lakini Krismasi ni wali na jogoo. Na mama mkwe wangu alinifundisha hivi: mchuzi wa Krismasi hautiwi chumvi mpaka mtu wa mwisho wa nyumba ile awe ameingia. Wote wakishakaa, mama analeta chungu, anatia chumvi mbele yao, anakoroga, anapakua. Ndiyo kusema tumetimia. Mmoja akichelewa, wote mnangoja na njaa zenu. Mwaka mmoja marehemu mume wangu alichelewa mnadani na ng'ombe wake, tukaja kula kuku amevurugika hata mifupa imeachana, na bado tulingoja.

Mwaka wa kwanza Masanja alipokosekana tulingoja mpaka Kabula akasinzia ameegemea ukuta. Nikapakua mchuzi hivyo hivyo, chapwa. Kabula akanyoosha mkono atie chumvi kwenye sahani yake, nikamzuia. Nilimwambia, "Unataka kumfungia kaka yako mlango?" Tukala. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Wewe umewahi kula jogoo wa sikukuu bila chumvi? Ni kama kutafuna kitambaa. Kabula alikula machozi yakimtoka, na mimi nilijifanya siyaoni kwa sababu yangu yalikuwa yananitosha.

Baada ya Krismasi hiyo ya pili ndipo nikaingia kwenye salamu za redio. Vijana wa siku hizi hamjui utamu wa kitu hicho. Ulikuwa unanunua kadi, unajaza jina lako na mahali ulipo, unaorodhesha watu unaowasalimu, unaweka na ujumbe, unaitia posta. Wiki kadhaa zikipita, unakaa na redio yako sokoni, mtangazaji anaisoma kwa sauti nzuri nchi nzima inasikia. Tulikuwa tunasalimiana na watu wa Tunduru, wa Kyela, wa Pangani, watu ambao hatujawahi kuwaona hata kivuli. Tukapeana majina. Mtu akiumwa, mnamwombea. Mtu akijifungua, mnampongeza. Kabula alikuwa akinitania, "Mama, hao marafiki zako hata sauti zao huzijui. Sauti ni ya mtangazaji." Ni kweli. Lakini nakwambia, nililia siku mtu wa Kyela aliposema amefiwa na mkewe.

Mimi kila kadi niliandika ujumbe ule ule: Masanja mwanangu, popote ulipo, rudi nyumbani tutie chumvi. Watu wengine walidhani ni mafumbo ya mapenzi. Mmoja akaniletea salamu za kuniuliza kama chumvi yangu ina mwenyewe.

Kisha siku moja, nipo na mwiko mkononi nageuza chapati, mtangazaji akasoma kadi ya mtu aitwaye Chausiku Asiyelala, wa machimboni Geita. Akayataja majina ya watu wake wengi, halafu akasoma ujumbe: "Mama Masanja wa Tinde, usilie. Masanja wako yupo, anakula kwangu." Chapati iliungua. Dereva aliyekuwa anaingoja alinisimulia baadaye kwamba nilikaa chini palepale kwenye majivu.

Tukaanza kusalimiana mimi na Chausiku. Yeye alikuwa mama lishe, anawapikia wachimbaji. Alikuwa na maneno huyo mwanamke! Aliniita wifi wa hewani. Nilipoandika kwamba chapati za Tinde hazina mpinzani, akajibu kwamba za kwake zikipita barabarani mbwa wanasimama kwa heshima. Nilimpenda kabla sijamwona. Lakini kila nilipoandika mwambie Masanja arudi, jibu lilikuwa moja: hawezi kuja. Nikadhani ni aibu ya kijana aliyekwenda kutafuta dhahabu akaambulia vumbi. Mwisho akaandika, "Njoo wewe, wifi. Krismasi hii tule pamoja, na yeye atakuwepo. Banda langu lina turubai la bluu."

Kabula alikataa katakata. "Unakwenda kula sikukuu kwa mtu wa redioni? Na kama ni tapeli? Na kama ni mchawi?" Nikamwambia mchawi hana muda wa kununua kadi za salamu. Nikamwachia biashara, nikamwomba asipike kuku mpaka nirudi na kaka yake. Nikafunga mchele, michembe, nsansa kidogo, na jogoo wangu mwekundu nikamfunga miguu. Chumvi ya mawe niliitwanga mwenyewe, nikaifunga kwenye pindo la kanga niliyovaa kiunoni. Hiyo sikutaka ikae kwenye mzigo.

Dereva mmoja mteja wangu alinipakia mpaka Kahama, nikapata lori jingine la kwenda Geita, na siku yenyewe ya Krismasi asubuhi nikateremka kwenye gari dogo nikatembea kuelekea machimboni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tope, mwenzangu, mpaka magotini! Kila mtu niliyekutana naye alikuwa mwekundu kuanzia chini. Nikauliza kwa Chausiku. Mzee mmoja aliyekuwa anaosha mchanga kwenye karai akanitazama, akamtazama na jogoo.

"Kwa Chausiku unakwenda kufanya nini, mama?"

"Kula Krismasi."

"Kula huko?" Akainama tena kwenye karai lake. "Haya. Turubai la bluu lile kule."

Nilidhani anamwonea wivu. Wachimbaji wana maneno.

Mimi kichwani mwangu Chausiku alikuwa jimama, mwenye kicheko cha kutikisa mabati. Aliyetoka bandani alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, macho yameingia ndani, mikono yake mikavu kama ya mtu aliyetoka kuugua. Nikasimama. Yeye ndiye aliyeanza. "Wifi wa hewani! Mbona mfupi hivyo? Redioni ulikuwa mrefu!" Basi tukacheka, tukakumbatiana, na nakwambia kweli, ile hali ya kukutana na mtu uliyemjua kwa maneno tu, halafu kumbe ana harufu, ana jasho, ana kovu kidevuni, ni jambo la ajabu. Nilimshika mikono muda mrefu.

"Masanja yuko wapi?"

"Yuko kazini na mume wangu, Lubinza. Wako duara moja." Duara ndiyo shimo la dhahabu kwa lugha yao. "Watatoka alasiri. Tupike kwanza."

Tukapika. Nilimchinjisha jogoo kwa kijana wa jirani, nikamnyonyoa, Chausiku akachagua mchele. Wateja hawakuwepo, nikasema moyoni labda ni kwa sababu ya sikukuu. Tulizungumza habari za watu wa redio kama watu wa ukoo mmoja: yule wa Kyela ameoa tena, yule wa Pangani siku hizi haandiki. Nikaonja mchuzi, nikauliza chumvi, kumpima tu. Akageuka haraka.

"Wifi, nakuomba kitu kimoja tu. Kwangu chumvi haiingii kwenye chungu."

Unaona? Hapo ndipo. Mtu wa mahali pengine angeuliza kwa nini, angedhani ni ugonjwa, angeshangaa. Mimi nilifurahi! Nilijua nimepata mtu wa desturi moja na mimi. Nikamwambia, "Hata kwetu haiingii mpaka watu watimie." Alikuwa ameinama anapuliza moto, moshi umemfunika uso. Akasema, "Basi vizuri." Nami nikaona tumeelewana.

Alasiri wakaja. Chausiku alikuwa ametandika mkeka chini ya turubai. Nilimwona kwanza mwanamume wa makamo, mpana wa mabega, na nyuma yake Masanja wangu, na sururu ya baba yake begani. Sijui nilifikaje. Nilijikuta nimemshika shingo. Alikuwa baridi kama mtungi uliokaa kivulini, nikasema ni kwa sababu ya kukaa ardhini. Halafu nikaona kitu ambacho macho yangu yalikiona na akili yangu ikakikataa: walikuwa wamejaa vumbi. Vumbi kavu, jekundu, kwenye nywele, kwenye kope, kwenye mikunjo ya shati. Siku hiyo, mvua ile, machimbo yote ni tope, na wao hata nyayo hazikuwa na unyevu.

"Shikamoo, mayu," Masanja akasema.

"Marahaba, baba. Umekonda." Maneno gani mengine anayo mama? "Lini unarudi nyumbani?"

"Bado tunachimba."

"Mmepata?"

"Bado."

Alijibu vizuri, kwa adabu, lakini kama mtu anayejibu swali la mtu mwingine. Lubinza alikaa akitazama mikono yake. Nikamwambia Masanja habari za nyumbani, ng'ombe gani amezaa, nani ameoa. Nikamwambia Kabula anamsalimu sana. Akanitazama kwa upole.

"Kabula nani?"

Nikajiambia ni bangi. Nilisikia huko wanavuta sana ili wasiogope shimo. Wallahi nilimchukia Lubinza dakika ile, nikadhani ndiye aliyemfundisha. Lakini sikutaka kugombana siku ya Krismasi. Nikasema moyoni, ale kwanza. Mtoto akishakula chakula cha nyumbani akili inarudi.

Chausiku akatoka kwenda kwa jirani kuazima sahani, sisi tulikuwa wengi kuliko vyombo vyake. Nikaleta chungu mkekani. Masanja ameingia, Lubinza ameingia, mwenye nyumba yuko njiani anarudi, watu wametimia. Krismasi mbili nilikuwa nimeingoja dakika hiyo. Nikafungua pindo la kanga. Nikatia chumvi mbele yao kama alivyonifundisha mama mkwe wangu, nikakoroga, nikaweka wali kwenye sinia moja, nikamwaga mchuzi juu yake na vipande vya jogoo, na bakuli la mchuzi nikaliweka kando. Nikasema, "Karibuni, tumetimia."

Wakanawa. Wakatia tonge la kwanza.

Masanja alikuwa ametafuna mara moja tu akasita. Shavu limevimba, hatafuni, hamezi. Nikadhani amekutana na mfupa. Kisha akameza, na nikaona machozi yakitoka, yakipasua vumbi usoni yakishuka mistari miwili mpaka kidevuni. Akanitazama, na safari hii, mwenzangu, alikuwa ananitazama mimi.

"Mayu," akasema. "Kabula amekua?"

"Amekua, baba. Amekuwa mrefu kukuzidi."

"Anauza chapati na wewe?"

"Anauza."

Akacheka kidogo. Halafu kicheko kikamwisha. Akaigeukia sururu yake, akaigusa mpini. "Tulikuwa tunangoja kamba," akasema. "Udongo ulishuka, mayu. Tulikuwa chini mimi na baba huyu. Tukasikia watu juu wanapiga kelele, tukasema wataleta kamba. Tukakaa. Mpaka sasa tulikuwa tunangoja kamba."

Lubinza akapeleka tonge kinywani tena, haraka, kama mtu aliyefunga siku nyingi. "Kumbe nina njaa," akasema, na sauti yake ilijaa mshangao. "Chausiku yuko wapi? Kumbe nilikuwa na njaa muda wote huo."

Chausiku alikuwa amefika mlangoni na sahani mbili za kuazima. Zilianguka. Aliona pindo la kanga yangu liko wazi, akaelewa yote. Aliruka mkekani akakikumbatia chungu, cha moto, kifuani kwake, mpaka nikasikia ngozi inapiga chwii. "Wanyang'anye!" akanipigia kelele. "Mama Masanja, wanyang'anye sinia! Wakishiba watakwenda! Wameshafunikwa hawa, hujui? Duara liliwafunika mwaka ule ule Masanja wako alipokuja! Wanakuja kwangu kwa sababu siwatii chumvi! Wanyang'anye, tafadhali, wifi, nakuomba!"

Sasa wewe unayenisikiliza, nitakuuliza swali. Sitaki jibu, nataka ulisikie tu. Masanja alikuwa amemaliza upande wake wa sinia. Alikuwa amekwisha kuelewa, nilimwona usoni kwamba ameelewa kuliko sisi wote. Angeweza kunyamaza. Badala yake alinyoosha bakuli la mchuzi kwangu kwa mikono miwili, kama tunavyowafundisha watoto, akasema, "Mayu, niongeze."

Mtoto amesema ana njaa. Amekaa gizani na njaa Krismasi mbili, anangoja kamba ambayo haikuletwa. Ukimnyima utabaki naye. Atakuja kila alasiri na vumbi lake, atakaa, atakujibu bado tunachimba, na hatamjua dada yake. Ukimpa hutamwona tena. Na ananyoosha bakuli.

Nilikwenda kwa Chausiku. Sikumnyang'anya kwa nguvu, Mungu ni shahidi yangu. Niliingiza upawa kwenye chungu akiwa bado amekikumbatia, na yeye hakunizuia mkono, alikuwa analia tu na kichwa chake kimelala kwenye ukingo wa chungu. Nikachota. Nikampa mwanangu, akala. Akaniletea tena bakuli, nikampa tena. Lubinza naye alikula mpaka akalamba vidole, kisha akatambaa mpaka kwa mkewe, akamwekea kiganja chake kichwani. "Mama, usiunguze mikono," akamwambia. Hayo tu. Chausiku hakuinua uso, na najua mpaka leo hajajisamehe kwa kutoinua uso.

Wakanawa mikono. Masanja akaniambia ameshiba. Wakatoka wakifuatana kama walivyokuja, na mimi nikawafuata, nikiteleza, nikianguka, nikiita. Wao walikuwa wanatembea polepole tu na sikuwapata. Walikwenda mpaka mahali penye rundo kubwa la kifusi lililokwisha kuota majani, wakazunguka nyuma yake. Nilipozunguka mimi hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, mwanga mwingi tu, na kwenye tope lote lile kulikuwa na nyayo za mtu mmoja. Nilizipima kwa mguu wangu, zilikuwa zangu.

Yule mzee wa karai ndiye aliyenikuta. Akaniambia kwamba hapo ndipo lilipokuwa duara lao. Mwenye duara alikimbia siku ileile, majina ya vijana wageni hakuna aliyekuwa nayo, basi nyumbani kwao hakuna aliyeambiwa. Akanisaidia kusimama. Hakuuliza nimeona nini. Nadhani alijua tangu alipomtazama jogoo.

Nilirudi bandani nikamkuta Chausiku amekaa palepale. Nikampaka asali kwenye kifua kilichoungua, akaniacha nimpake. Akanisimulia kwamba siku ya msiba alipika kwa kuchanganyikiwa, akasahau chumvi, na alasiri wakaja wote wawili wakakaa kula kama kawaida. Siku ya pili akajaribu kuwapa chakula chenye ladha? Hakuthubutu. Alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba wafu na chumvi hawaonani. Akaacha kuitumia kabisa, yeye mwenyewe, wateja wakamkimbia, akakonda, akaanza kutuma kadi za salamu apate wa kuzungumza naye.

"Kwa nini uliniita?" nikamuuliza.

"Masanja alianza kukuulizia. Siku nyingine alikuwa anasimama njiani, haji, anasema anamngoja mama. Na asipokuja yeye, wangu naye haji. Nikaona nikikuleta atatulia."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia ungekuja na padri." Kisha akasema neno ambalo sijaweza kulitoa kifuani. Alilisema bila hasira, amechoka tu. "Wewe ulimpoteza mtoto, leo umempata na umemzika. Mimi mume wangu sikuwa nimempoteza."

Tulijinyoosha bega kwa bega kwenye mkeka, usingizi haukuja, na asubuhi akanisindikiza mpaka kwenye gari. Hakuniita wifi. Nyumbani nilimwambia Kabula kaka yako amefariki, tukaweka matanga kama watu, watu wakaja na unga na maharage yao, nikalia kilio chenye mwisho. Hiyo nayo ni neema, usiidharau, wapo wanaolia kilio kisichokuwa na mwisho. Chausiku nilimwandikia kadi nyingi. Zilisomwa redioni kwa sauti ile nzuri, nchi nzima ikasikia namsalimu Chausiku Asiyelala wa machimboni, naomba aseme hata neno moja. Hakujibu. Madereva niliowatuma walisema turubai la bluu halipo, na wengine walisema alionekana akielekea machimbo mengine, kule ambako duara lilikuwa limefunika watu juzijuzi.

Basi nakuonya, wewe mwenye mtu aliyepotea. Ukisikia mahali fulani kuna mtu anamlisha, usikimbilie kama nilivyokimbilia mimi, na mzigo wa furaha begani. Kaa kwanza ujiulize unataka ashibe au unataka abaki, kwa sababu utakapofika atakunyooshea bakuli, na hapo hutapewa muda wa kufikiri. Na aliyekukaribisha naye ana mtu wake mkekani.

Watu huniuliza kama najuta. Siku nyingine najuta mpaka nashindwa kukanda unga. Siku nyingine namwona tu pale mkekani, amemaliza bakuli la mwisho, anajifuta mdomo kwa mkono wa shati. Tabia hiyo nilimgombeza tangu hajajua kutembea vizuri, na siku ile sikumgombeza.